Kupe Kwenye Dishi la Bi Kalunde

"Imekuja!" Bi Kalunde alipiga kelele kutoka ndani. "Imekuja, hapo hapo fundi, usiguse, usipumue... Imekwenda."

Niliegemea mlingoti wa dishi nikafumba macho. Bati lilikuwa linachoma mpaka ndani ya viatu.

"Imekwenda wapi?"

"Mimi nitajuaje? Ilikuwa hapa, watu wana sura, wana pua. Sasa ni chenga tupu. Rudisha kidogo."

"Kidogo ya Kinyamwezi au kidogo ya watu?"

"Kidogo ya Kizigua! Kama ile mbegu mliyobakiza ghalani baada ya kula nyingine yote!"

Nikarudisha kidogo. Kimya. Nikangoja. Kisha ile sauti tena: "Imekuja! Hiyo hiyo, naona mpaka vifungo vya sha... Aa! Imekwenda! Fundi gani wewe? Mama yako alikuzaa au alikuokota stesheni?"

"Aliniokota stesheni, ndiyo maana nimeishia kwako."

Setilaiti zimebadilika tangu nianze kazi hii. Ving'amuzi vimemezwa na kompyuta za nyumba, na hizo kompyuta siku hizi ndizo zinazokupangia zamu ya maji, ndizo zinazokuandikia dawa, ndizo zinazosema kama wewe ni mzima au umekufa. Lakini dishi bado linataka watu wawili, mmoja juu anayesogeza na mmoja ndani anayepiga kelele. Nimeifanya kazi hiyo Kaliua, Mpanda, Kasulu, hata ng'ambo kule Kalemie nilikokaa mpaka samaki wakanichosha. Sijapata kuona dishi kaidi kama lile la Itigi.

Kila kinachoweza kujaribiwa nilikuwa nimekijaribu. Nilifungua viungio vya waya nikitafuta maji, nikavikuta vikavu kama kinywa changu. Nikabadilisha waya wenyewe. Nikakata tawi la mwarobaini lililokuwa linachungulia. Nikafuta kinyesi cha ndege kwenye kichwa, kile kidude kinachokaa mbele ya dishi na kudaka mawimbi. Mita ikaniambia mawimbi yapo, tena ya kumwaga. Na kila nilipofika penyewe, Bi Kalunde akasema imekuja, na kabla hajamaliza kusema, imekwenda.

"Mama, jua limeniingia kichwani," nikamwambia. "Nashuka. Tutajaribu kesho."

Hakunitukana. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

"Kesho haina faida," akasema. "Leo saa kumi wanamleta Mgogo wangu."

*

Tulijuana asubuhi hiyohiyo. Nilishuka kwenye treni nikitafuta kivuli, yeye ametoka getini anatafuta fundi. Aliponiletea maji aliniuliza kwanza kabila langu. Nikasema Mzigua. Akayamwaga yale maji chini mbele yangu, polepole, ananitazama usoni, kisha akacheka mpaka akashika kiuno, akaenda kunijazia kikombe kikubwa zaidi. Mtani ni mtani. Mnyamwezi ana Wazigua wake, ana Wagogo wake, ana Wazaramo wake. Ukikutana naye asipokutukana, ujue amekununia. Na siku ya msiba ndiye unayemtazama mlangoni kabla ya ndugu.

Mzee Chilongani alikuwa mtani wa namna hiyo, tena wa kupakana ua. Kila jioni alivuka kuja kutazama habari kwa Bi Kalunde, eti picha ya kwake haina ladha. Alikaa kiti cha mlangoni, akala ugali wake, akamwambia ugali ule ungefaa kuzibia nyufa za ukuta. Naye Bi Kalunde akamwambia atamnyonga kwa mshipi wake mwenyewe, amchune, awambe ngoma. Mambo yalikwenda hivyo miaka nenda miaka rudi, mpaka likaja gari la Baraza la Utulivu likamchukua.

"Wanasema amekuwa akimtishia mwanamke mjane ndani ya nyumba yake," aliniambia. Tulikuwa sebuleni, mimi miguu yangu ipo ndani ya beseni la maji. "Mjane mwenyewe ni mimi. Nikawauliza, mbona mimi hamnichukui? Mimi ndiye niliyekuwa naanza! Wakasema yangu yameandikwa kuwa ni kujihami."

"Nani aliyewapelekea maneno?"

"Ndilo ninalojiuliza. Humu ndani tulikuwa wawili."

Kesi za Baraza hazina mahakama ya kwenda kukaa. Mshtakiwa anawekwa makao ya kanda, mwenyekiti yuko ofisini kwake, shahidi anasema akiwa nyumbani mbele ya televisheni, na sura na sauti yake vinapandishwa na dishi. Shahidi asiyesikika hahesabiki. Na Chilongani alikuwa na shahidi mmoja tu. Akimkosa, wanampeleka Nyumba ya Utulivu.

Nimewaona waliorudi kutoka huko. Hawajapigwa. Wameshiba, wamenyolewa vizuri. Ukimwambia mmoja wao kwamba baba yake ni chura, anakushukuru kwa maoni yako.

"Kumfunga wamfunge wakitaka, atazoea," Bi Kalunde akasema. "Mimi namtaka arudi na mdomo wake."

Akaondoka kwenda kukoroga uji. Nikabaki peke yangu na beseni. Nilipoinua macho kwenye televisheni, picha ilikuwa safi, nyusi za mtangazaji unaweza kuzihesabu.

"Mbona ipo?" nikasema.

Chenga.

Nikanyamaza. Ikarudi. Nikakohoa, haikujali. Nikapiga makofi, haikujali. Nikasema, "Ugali." Chenga.

"Fundi, unaongea na nani?" Bi Kalunde akauliza kutoka jikoni, na picha ikafa tena.

Nikatoa miguu majini, nikapekua mfuko mpaka chini nikaipata mita yangu ya zamani. Mita za siku hizi zina mshale mmoja, unaopima kinachoingia. Yangu ina miwili, wa kuingia na wa kutoka. Nimetukanwa sana kwa kuibeba, wananiambia ni chuma chakavu. Nikaifunga kwenye waya wa dishi. Alipotokea na kibuyu cha uji nikamwashiria aseme neno.

"Niseme nini?" akasema.

Mshale wa kutoka ukaruka kama mtu aliyekalia siafu.

*

Nilimshika mkono nikampeleka nje, nyuma ya banda la kuku.

"Mama, nyumba yako ina kupe."

"Kuku wangu nawapulizia dawa."

"Si kuku. Ni kompyuta. Kuna programu imekaa humo ndani inasikiliza. Mtu akifungua mdomo, inayabeba maneno yake inayapandisha kwa dishi. Na dishi lako lina kichwa kimoja. Likiwa linasema, haliwezi kusikia. Ndiyo maana picha ilikuwa inakufa kila ulipopiga kelele kwamba imekuja. Tangu asubuhi nilikuwa napatia! Wewe ndiye uliyekuwa unaikata kwa kunipa habari njema."

Alifikiri kidogo. "Kaingilia wapi?"

"Uliwahi kupewa kitu cha bure? Chaneli za mpira, tamthilia?"

"Sikukuu iliyopita. Zawadi ya lile Shirika lenye setilaiti. Televisheni ilipiga hodi."

"Ilipiga hodi vipi?"

"Ilisema, hodi hapa? Sauti ya mtoto wa kike, yenye adabu. Nikasema karibu."

"Kwa nini ukasema karibu?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu ambaye hakulelewa. "Ulitaka nikae kimya, mtu anapiga hodi?"

Nilitaka kuvunja kitu. Kila nilikopita nimewafundisha watu, mpaka koo limekauka. Badilini neno la siri. Msipokee zawadi msiyoiomba. Zimeni maikrofoni mnapolala. Kagueni programu zilizomo, msiyoijua itoeni. Wengine wamenisikia, wengi hawakunisikia. Lakini sijawahi kumwambia mtu yeyote asiitikie hodi. Ningeanzia wapi? Na huko kwenye Shirika kuna mtu, tena mtu wa kwetu aliyekulia kwenye nyumba yenye mlango, aliyekaa kitini akafikiri kwamba hawa hawawezi kunyamaza.

"Kwa hiyo aliyemchongea Mgogo ni mimi," Bi Kalunde akasema.

"Ni kompyuta."

"Ni karibu yangu." Akapangusa mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. "Haya, mtoe huyo kupe."

"Kumtoa naweza. Nina nakala safi ya mfumo kwenye kadi. Lakini kumtoa ni kufuta kompyuta yote, na ikifutwa, Baraza haliitambui nyumba hii mpaka waje kuiandikisha upya. Leo hutaweza kuwa shahidi."

"Zima maikrofoni."

"Halafu utoe ushahidi kwa macho?"

"Sasa unafaa nini wewe?" akasema, na safari hii haukuwa utani.

Nikarudi ndani nikavua shati nikaanza kupigana na lile dude. Nilijaribu kumbana kupe apewe njia nyembamba, akajipanua. Nikamhamishia kwenye waya mwingine, akaufuata wa zamani mwenyewe. Nikamzima kwa jina lake, akawaka kwa jina jingine. Saa kumi ilikuwa inakuja na jasho lilikuwa linaniingia machoni. Mwishowe nikapiga lile sanduku la kompyuta kofi la nguvu.

"Mbwa wewe! Nitakupasua, nikutoe matumbo nikutupe chooni!"

Chenga hazikuwahi hata kutulia. Mstari mwekundu ukapita chini ya kioo:

BARAZA LA UTULIVU. NYUMBA YA KALUNDE. SAUTI YA MWANAMUME MGENI. TISHIO. ALAMA YA KWANZA.

Nikakaa chini sakafuni.

Tangu asubuhi tulikuwa tumesema maneno ya kujaza gunia, na yote yalikuwa yanapanda kwa kusukumana kwenye ule mrija mwembamba. Hili moja lilifika kabla sijafunga mdomo. Nikaelewa jinsi kupe anavyokula. Anachukua yote, lakini anayachambua. Maneno ya upole anayaweka chini, yatakwenda yakipata nafasi. Ya moto yanapita mbele, na ndiyo Shirika linayoliuzia Baraza, yakiwa bado yana mvuke. Shahidi anayesema kwa adabu atakwama kwenye foleni nyuma ya kupe. Anayetukana, kupe mwenyewe atambeba mpaka mezani kwa mwenyekiti.

Na anayemtukana mwenyekiti hasubiri alama ya pili wala ya tatu. Gari linakuja siku hiyohiyo.

"Wameandika nini?" Bi Kalunde aliuliza mlangoni. Alikuwa amekwenda kubadilisha nguo, amevaa kitenge chake kizuri na kilemba. Alijipamba kwa ajili ya kumtetea mtu aliyesema ugali wake ni saruji.

Nilimtazama. Ningemwambia, angefanya, hilo halikuwa na shaka. Na jioni wangekuwa wawili huko ndani, wote wamenyolewa vizuri, wanashukuru kwa maoni. Nisingemwambia, angepoteza mmoja, kwa unyamavu wangu mimi, mtu wa kupita, ambaye kesho ningekuwa kwenye treni. Nani aliyenipa kazi ya kuchagua? Nilikuja kutengeneza picha.

"Ni taarifa tu," nikasema. "Mawingu ya huko juu yanasumbua."

"Mawingu? Itigi? Mwezi huu?"

"Huko juu sana, mama."

Hakuniamini. Lakini saa ilikuwa imefika, akavuta kigoda akakaa mbele ya televisheni, mgongo umenyooka.

*

Tulinyamaza, kwa hiyo picha ilikuwa nzuri. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene wa makamo, shingo imebanwa na tai, na jina lake limeandikwa mbele yake: PAZI. Niliona macho ya Bi Kalunde yakilisoma jina mara mbili. Pembeni, kwenye kijisanduku chake, alikuwa Chilongani. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilimjua kwa jinsi mama yule alivyovuta pumzi. Mzee mrefu mkavu, masikio makubwa. Ameshika magoti yake kama mtoto shuleni.

"Mshtakiwa unakubali kwamba maneno haya ni yako?"

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema Chilongani.

"Ulisema utamfukia mama huyu akiwa hai kwenye shimo la nguruwe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Unajutia?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Asante."

Bi Kalunde aliweka kiganja juu ya mdomo wake mwenyewe.

"Wamekwishaanza kumtuliza," akanong'ona, na hata ule mnong'ono ulitosha kutingisha picha.

Mwenyekiti akamwita shahidi. Bi Kalunde akasimama, akasalimia, akataja jina lake na la marehemu mume wake. Alisema vizuri. Alieleza utani ni nini, tangu mababu, kwa utulivu ambao sikujua anao. Mshale wa kutoka kwenye mita ulikuwa umelala upande wa mwisho unatetemeka, na kioo chote kilikuwa chenga. Alipomaliza akanyamaza, picha ikarudi. Pazi alikuwa anagonga sikio lake.

"Shahidi haonekani wala hasikiki. Mama Kalunde? Narudia kwa mara ya mwisho."

Akarudia. Akasema taratibu zaidi, kwa adabu zaidi, na ikawa mbaya zaidi.

"Shahidi hayupo," Pazi alisema picha iliporudi. "Tunaendelea bila yeye. Mshtakiwa, una la kuongeza?"

"Hapana, mheshimiwa. Asante."

Bi Kalunde aligeuka. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

"Fundi. Lile tusi lako lilifika vipi?"

"Mama, acha."

"Uliipiga kofi ukaitukana, na maandishi yakaja hapohapo. Sikuzaliwa leo. Lilifika vipi?"

Ningeweza kusema mawingu tena. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamtazama Chilongani anavyoitikia kwa kichwa kila anachoambiwa, na nikashindwa kumdanganya mwanamke mwenye kilemba kile.

"Matusi yana njia yake," nikasema. "Yanapita mbele. Lakini ukimtukana huyo mtu, gari linakuja kukuchukua wewe."

"Ungesema mapema nisingepoteza muda kuwa na adabu," akasema.

Akashika kiuno.

"Wee Pazi! Mzaramo wewe! Ngoma ikipigwa Kisarawe ukiwa Kibaha unaisikia, na viatu unavua! Shahidi anaongea mbele yako unasema hasikiki? Nikikushika hayo masikio nitayakamua kama kifumbu cha nazi!"

Kilichobaki cha picha kilikuwa mabaka tu, lakini katikati ya mabaka niliona meza ya mwenyekiti ikiwaka nyekundu, na Pazi akiruka kitini. Sauti ya Bi Kalunde ilikuwa inatoka mezani kwa Pazi, kavu, safi, kila silabi. Kupe alikuwa anambebea mzigo.

"Na huyo Mgogo mliyemfunga ni mwizi!" akaendelea. "Jambazi! Siku ya kumzika mume wangu aliingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo! Watu wamebeba maiti, yeye amekunja nne huko chini! Nikacheka. Mimi, mjane wa asubuhi ile, niliyekuwa natafuta pa kufia, nikacheka mpaka wakanishika! Nani mwingine alithubutu kunifanyia ubaya huo? Ndugu zangu? Walikuwa wanagombania baiskeli! Fisi huyu ndiye aliyelala barazani kwangu mpaka arobaini ikapita, anakoroma kama trekta, ili nisiogope usiku. Nitamuua! Mrudisheni nimuue mwenyewe, pumbavu ninyi!"

Akaishiwa na pumzi. Picha ikarudi polepole, kutoka juu kwenda chini.

Pazi alikuwa amesimama. Taa nyekundu ya meza ilikuwa inamwangaza kidevu.

"Mama," alisema, "unajua adhabu ya kumtishia mwenyekiti wa..." Akasita. Akafuta uso. Niliona kitu kinapanda kooni kwake na yeye anakisukuma kirudi, kinapanda tena. Binadamu ana mwisho wa kuvumilia. "Na ninyi ndio mliofika pwani mkaiona bahari mkauliza nani amemwaga uji! Wengine mkaja na vijiko!"

Meza yake ikawaka tena. Mstari ukapita: OFISI YA KANDA. SAUTI YA MWENYEKITI. KEJELI. ALAMA YA KWANZA.

Ofisi ile nayo ilikuwa na kupe. Pazi aliusoma mstari wake mwenyewe, mdomo wazi.

Na kwenye kijisanduku cha pembeni, mabega ya Chilongani yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Aliinua uso.

"Mwongo huyo, mheshimiwa," akasema kwa sauti iliyokwaruza, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. "Jogoo mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa kideri. Nilimla nikaharisha siku mbili. Kaniua mara moja huyo bibi, hana haja ya kurudia."

Bi Kalunde akakaa chini kwenye kigoda. Alicheka bila kutoa sauti hata kidogo, amebana mdomo kwa kilemba, asije akaikata picha.

*

Pazi alichukua muda mrefu. Alikuwa anabofya, anafuta, anabofya tena, na kila alipobofya alikunja uso zaidi.

"Mashine ina kisanduku cha tishio," alisema hatimaye, bila kumtazama mtu. "Ina cha kujihami. Ina cha mzaha, lakini mzaha ukirudiwa unageuka tishio. Cha utani haina. Mimi najua utani ni nini. Nyanya yangu alizikwa na Wanyamwezi. Lakini sina mahali pa kubofya." Akashusha pumzi. "Ya mama naiandika kujihami. Yangu nitajua mwenyewe. Mshtakiwa anaachiliwa kwa sharti, ndicho kisanduku pekee kinachobaki. Treni ya kesho. Sharti ni kwamba asisikike. Hataingia wala hataketi kwenye nyumba yoyote yenye dishi. Akisikika, anarudi hapa na haondoki."

Furaha ilikuwa imeanza kuniingia, ikasimama mlangoni.

"Itigi kuna nyumba isiyo na dishi?" Bi Kalunde aliniuliza kwa ishara na midomo.

Nikatikisa kichwa. Hata choo cha stesheni kina dishi. Hata nyumba ya Chilongani mwenyewe. Mzee angerudi, angekaa chini ya jua nje ya kila ua, na watu wangempungia mkono.

Chilongani naye alikuwa ameelewa. "Kalunde," akasema, na hakukuwa na utani wowote ndani yake, "usifanye ujinga. Nitakaa nje. Nimekaa nje na ng'ombe maisha yangu yote."

Mama akainuka akaenda jikoni. Nilimfuata na nikamkuta ameshika kisu cha kukatia mboga. Nilianza kumweleza haraka haraka kwamba nyumba isiyo na dishi haina zamu ya maji, na kliniki haitaijua, na pensheni ya mume wake itakwama, na hata kama anataka, kuna utaratibu wa kuomba, tusubiri walau mwenyekiti amalize kuandika, kwa sababu... Akanipita. Akakamata waya nyuma ya televisheni, ule niliouweka mpya asubuhi, akaukata kwa mkato mmoja. Pazi, Chilongani, meza nyekundu, vyote vikazimika. Wala hatukujua kama sahihi ya Pazi ilikuwa imekwisha kuwekwa.

"Nimekwambia usubiri!" nikapiga kelele. "Maji utayapata wapi?"

"Nitabeba kichwani kutoka bwawani. Si ndiyo kazi ya upagazi mnayotutania nayo tangu enzi za babu zenu?" Alirudisha kisu mezani. "Na wewe panda ukalitoe lile dude kwenye bati. Mgogo akishuka kesho akalikuta, atasimama getini kama mbuzi wa mnada."

Nikapanda. Nati zote nilikuwa nimezikaza mwenyewe, kwa hasira, na hakuna hata moja iliyotaka kufunguka.